Hapa Nyumbani Hatuna Mtu wa Kushoto

Mgeni wetu alipotangaza kwamba muhula umeisha na Jumamosi angeondoka, nilifurahi mpaka nikajionea haya. Miezi minne alikuwa amelala kwenye kitanda changu, nami nimelala kwenye kochi la sebuleni, lile lenye springi iliyochomoza upande wa mbavu. Lakini jamani, msinione mtu mdogo. Kitanda ningemwachia hata mwaka mzima. Kilichonikaba koo ni mkono wake wa kushoto.

Wacha nieleze kwa utaratibu, maana hasira ikitangulia mimi huruka mambo.

Tunaishi Kayole, ghorofa ya tatu, mimi na baba na mama. Baba ni mchongaji. Wazee wake walikuwa wachongaji huko Ukambani na yeye akaja na kazi hiyo mjini. Banda lake liko Kariobangi, katikati ya fundi wa kuchomelea mageti na mzee anayetengeneza majiko ya makaa. Anachonga twiga, vifaru, bakuli na vijiko, na wenye maduka ya watalii wanakuja kuchukua. Mimi ni karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ila jioni na Jumamosi utanipata bandani kwa baba, kwenye kigoda changu, napiga msasa.

Kwetu kazi hii imegawanywa toka zamani. Wanaume wanachonga, wanawake na wasichana wanapiga msasa na kupaka polishi ya viatu mpaka mti ung'ae. Mimi nimepiga msasa tangu darasa la tano. Siku nilipoenda kuchukua kitambulisho, mashine ilikataa kuona alama za vidole vyangu. Yule aliyekuwa akinihudumia akanifutia vidole kwa kitambaa, tukajaribu tena, mashine ikakataa tena. Akaniuliza, "Kwani wewe dada unafanya kazi gani?" Vidole vilikuwa vimelainika kama tumbo la kijiko.

"Piga mpaka mikwaruzo iishe." Ndivyo baba husema akiniwekea kitu mapajani. Hasemi tafadhali, hasemi asante. Piga mpaka mikwaruzo iishe. Nadhani nimeisikia sentensi hiyo mara nyingi kuliko jina langu.

Nilichotaka mimi ni tezo. Tezo ni kile kishoka kidogo cha mchongaji, ambacho bapa lake limelala kama la jembe. Ndiyo inayotoa twiga ndani ya gogo; msasa unakuja baadaye kufuta tu. Na sikutaka tezo yoyote. Bandani kulikuwa na moja iliyofungwa kitambaa na kutundikwa kwenye msumari juu ya kiti cha baba. Ilikuwa ya babu, baba yake baba, ambaye sikuwahi kumwona. Baba hakuwa anaitumia. Alikuwa anaitoa mara moja moja, anaipaka mafuta bapa lisishike kutu, anairudisha. Siku ambazo aliniachia banda nilikuwa naiteremsha, naifungua, naishika. Mpini ulikuwa umelika mahali pa kidole gumba, shimo laini kabisa, lakini lilikuwa upande usiofaa. Nilidhani babu alikuwa na vidole vya ajabu. Nilijiambia siku moja mzee atachoka, na tezo hiyo itabaki kwangu kwa sababu mtoto wake ni mimi tu.

Mara ya kwanza kumwomba anifundishe kuchonga nilikuwa kidato cha pili. Hata hakuinua macho.

"Mama," akaniambia, kwa sababu nimeitwa jina la mama yake na ndivyo anavyoniita, "mkono wako si wa kutegemewa."

Sasa sikilizeni sababu. Mimi nilizaliwa mtu wa kushoto. Nikiwa na miaka mitatu hivi, nikaanza kushika kijiko na kalamu na kila kitu kwa kushoto, na nyumbani kukawa na msiba. Mama alinifunga mkono kwa kipande cha leso. Wakati wa kula alinikalisha juu yake, yaani niukalie kama mto, ndiyo nile kwa kulia. Nikisahau ukatoka, ulipakwa pilipili vidoleni. Baba naye alikuwa na kijiti cha mti wa mhugu, chembamba, cha kugongea vidole. Hakugonga kwa nguvu, nisimsingizie, lakini aligonga kila mara. Nilipoingia darasa la kwanza nilikuwa nimenyooka. Nikaandika kwa kulia, mwandiko mbaya mpaka leo, nikasalimia watu wazima kwa kulia, kila mtu akashukuru Mungu.

Kisha nikaomba kuchonga. Na baba akasema mtu aliyegeuzwa mkono hawezi kushika tezo, kwa sababu mkono wake wa kulia ni wa kujifunza na wa kushoto umeshalala, atajikata mguu. Mmesikia? Wao waliniharibu mkono, halafu wakaninyima tezo kwa sababu mkono umeharibika! Niliomba tena nikimaliza shule, nikaomba tena nilipoanza kazi. Jibu likawa lilelile, na msasa ukawa uleule.

Mgeni alikuja mwezi wa kwanza. Alikuwa Mjerumani, mwanafunzi wa chuo kikuu, ametumwa na chuo chake kukaa muhula mmoja Nairobi akisoma Kiswahili na kuishi na familia. Mama alimpata kupitia rafiki yake wa kanisani, akamkubali kabla hata ya kutuuliza. Alikuwa mtu mzuri, na hilo liliniudhi zaidi. Alifua nguo zake mwenyewe. Alisaidia kupanda na mitungi ya maji siku ambazo mfereji umekauka. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, alimpa shikamoo mpaka msichana wa kuuza mahindi choma pale chini, rika lake kabisa, na yule akamjibu, "Poa, sasa?" Mtaa mzima ulimpenda.

Jioni ya kwanza mama alipika ugali, sukuma na matumbo. Tukaomba, tukanawa. Mgeni akanyoosha mkono wa kushoto kwenye sinia, akamega ugali, akaubonyeza vizuri kabisa, akachota mboga.

Mimi nilibaki na tonge hewani. Nilimtazama mama, nikamtazama baba. Mwili wangu wote ulikuwa unangoja kijiti.

Baba akacheka. Alicheka kwa raha zake, akampiga mgeni begani. "Kumbe wewe ni wa kushoto! Kula, binti yangu, kula. Ndivyo Mungu alivyokuumba."

Ati ndivyo Mungu alivyokuumba. Nililiweka tonge chini. Nilisema nimeshiba, nikaenda jikoni nikasimama na mgongo kwa friji mpaka waliponawa.

Basi ikawa hivyo. Juma la tatu mgeni akaomba aone banda. Juma la nne baba akamwekea tezo mkononi, mkono huohuo wa kushoto, si ile ya babu, yake mwenyewe ya kazi. Mimi niko kwenye kigoda hapo chini, vumbi mpaka kwenye kope. Nikamsikia akimwelekeza kwa upole ambao sijawahi kuusikia: "Usifuate ninavyofanya mimi. Wewe geuza kipande. Mti uje upande wako. Geuza kipande, hivyo, sasa shusha." Alijua! Miaka yote hiyo aliniambia haiwezekani, kumbe alijua vizuri kabisa jinsi mtu wa kushoto anavyochonga. Sikujiuliza amejulia wapi. Hasira niliyokuwa nayo haikuacha nafasi ya swali lolote.

Kila Jumamosi mgeni akawa anakuja. Akachonga kiboko. Mungu wangu, kiboko kile! Kilikuwa na uso wa mtu anayengoja kung'olewa jino. Baba akakigeuzageuza, akakisifu, kisha akaninyooshea.

"Piga mpaka mikwaruzo iishe," akaniambia.

Nikakipiga msasa. Mimi, kiboko cha mgeni. Nilikipiga mpaka kikang'aa, na usiku wa siku hiyo mgeni akanikumbatia, "Asante sana, dada yangu." Nikamwambia karibu.

Basi muhula ukaisha, ikafika Jumamosi ya kuagana. Gari la chuo lingekuja saa tisa kumchukua kwenda uwanja wa ndege, kwa hiyo tukapanga chakula cha mchana. Mama aliamka mapema akaenda Kiamaiko, akarudi na mguu wa mbuzi na kichwa cha supu. Mimi nilikanda unga wa chapati, na nakiri kwamba niliukanda vizuri. Nilikuwa najiambia leo ni siku ya mwisho, jikaze, saa tisa mambo haya yatashuka ngazi yaondoke.

Wakaja majirani wa ngazi yetu, wakaja wenzake mama wa kanisani, akaja mzee wa majiko na mke wake. Sebule ikajaa mpaka wengine wakakaa kwenye mikono ya kochi. Tulikula vizuri. Mgeni alilia kidogo, wamama wakamfuta machozi kwa leso, wakamwambia arudi na mchumba. Hata mimi nililainika, kwa kweli. Aliposimama kushukuru na kumwita mama "mama yangu wa Kayole," nilipiga makofi na wengine.

Halafu baba akasimama. Alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu. Mkononi alikuwa na kitu kirefu kimefungwa gazeti.

"Mgeni wetu hatoki hapa mikono mitupu," akaanza. "Nimefikiria sana nimpe nini. Twiga anaweza kununua popote. Nikaona nimpe kitu ambacho hakinunuliwi."

Akafungua gazeti. Nilijua kabla halijafika nusu. Nililiona lile bapa jeusi na mpini wa rangi ya asali.

"Hii ni tezo ya marehemu baba yangu," baba akasema. "Wengi hamjui, lakini baba yangu alikuwa mtu wa kushoto. Mpini huu aliuchonga mwenyewe. Mnaona hapa? Kidole gumba chake kilikaa upande huu. Mimi nimejaribu kuitumia, imenikataa. Imekaa kwenye msumari miaka yote kwa sababu hapa nyumbani hatuna mtu wa kushoto. Sasa tumempata."

Watu wakapiga makofi. Mke wa mzee wa majiko akapiga kigelegele. Mgeni akapokea kwa mikono miwili, uso umemwiva, na kidole gumba chake cha kushoto kikaingia palepale kwenye lile shimo.

Mimi sikumbuki kusimama. Nakumbuka tu sahani ya chapati ilikuwa bado mkononi.

"Mlimpeleka wapi?" nikasema.

Baba akageuka. "Nani?"

"Huyo mtu wa kushoto. Mlikuwa naye hapa nyumbani. Mlimzaa nyinyi wawili. Nauliza mlimpeleka wapi?"

Makofi yakakatika. Mama akasema kwa sauti ya chini, ile ya meno yaliyofungwa, "Kuna wageni."

"Wakae wasikie! Wewe ndiye uliyenikalisha juu ya mkono wangu. Wewe ulinipaka pilipili. Na wewe baba, kijiti chako kiko wapi leo? Si uende ukakilete umgonge huyu vidole?"

"Mama, keti," baba akasema.

"Siketi! Nimekuomba tezo nikiwa mtoto, nimekuomba nikiwa mtu mzima. Ukaniambia mkono wangu si wa kutegemewa. Kumbe babu alikuwa kama mimi! Kumbe unajua hata kipande kinavyogeuzwa! Ulijulia wapi kama si kwa kumtazama yeye?"

Baba alikuwa amesimama na lile gazeti tupu. Alijaribu kulikunja. "Nilimtazama, ndiyo," akasema. "Nilimtazama pia akimpa mtu kitu, na mtu anakataa kupokea mpaka abadilishe mkono. Nilimwona akichekwa kwenye harusi, mbele yangu, mtu mzima mwenye watoto. Sikutaka uchekwe. Tulikusaidia."

"Na huyu? Mbona yeye hamkumcheka? Ulimsifu! Ulisema ndivyo Mungu alivyomuumba!"

"Huyu ni mgeni," baba akasema.

"Na mimi?"

"Wewe ni mtoto wangu."

Alisema hivyo, jamani, kama mtu aliyemaliza maelezo. Kana kwamba hilo ndilo jibu. Na mbaya zaidi, nilitazama nyuso za wale wamama wote pale sebuleni, na zilikuwa zimekubali. Mmoja alikuwa hata anatikisa kichwa kunihurumia kwa adabu zangu.

Mgeni alikuwa ameelewa kila neno. Wakati alipokuja hangeelewa, lakini tulikuwa tumemfundisha vizuri. Akanyoosha tezo kumrudishia baba. Baba akarudi nyuma hatua moja, mikono mgongoni. "Hapana. Nimekupa mbele ya watu. Sirudishiwi." Na ni kweli, kwetu zawadi ya kumuaga mtu hairudi mkononi mwa aliyeitoa. Ni kama kumwambia hakuwa mgeni wako. Msichana wa watu akabaki amesimama katikati ya sebule na tezo ya babu yangu, hajui aitie wapi.

Nikaenda chumbani. Chumba changu, ambacho bado kilinukia mafuta yake ya nywele. Akanifuata, akafunga mlango, akaweka tezo juu ya kitanda.

"Ichukue wewe," akasema. "Ni yako. Mimi sikujua."

Nilitaka kuichukua. Niseme ukweli, mkono wangu ulisogea. Lakini nikawaza: kwa hiyo nitaipata hivi? Kitu cha babu yangu, nipewe na msichana aliyekaa miezi minne, kwa huruma yake, mlango umefungwa? Kila nikiishika nikumbuke kwamba baba alimpa yeye?

"Sitaki kupewa na wewe," nikamwambia. "Nilitaka kupewa na yeye."

"Basi nifanye nini?"

Alikuwa analia kweli, na hasira yangu haikupungua hata chembe. Naona watu hudhani machozi ya mwenzio yanazima hasira. Yake yalinichochea.

"Nenda nayo," nikasema. "Lakini uichongee. Ni chombo cha kazi. Usije ukaifanya pambo."

"Naahidi," akasema, akaizungushia leso mbili alizopewa na mama, akailaza katikati ya sanduku.

Saa tisa gari likapiga honi. Kwetu mgeni hasindikizwi mpaka mlangoni tu, anashushwa mpaka chini, mpaka getini, mpaka gari liondoke. Kwa hiyo tulishuka wote, majirani na mabegi, na mimi pia nikashuka, kwa sababu nina hasira lakini nimelelewa. Akamkumbatia mama. Akamkumbatia baba. Akafika kwangu, hakuthubutu kunikumbatia. Akaninyooshea mkono wake wa kushoto.

Nilielewa anachofanya. Alikuwa ananiita. Nami nilitaka kumpa wangu wa kushoto, nilitaka sana, hata iwe kwa kumkomoa baba aliyesimama pale. Wapi! Uliokwenda ni wa kulia. Ulitoka wenyewe, umefunzwa, una adabu, ukashika mkono wake kwa kombo, mgongo kwa kiganja. Tukatikisa kitu hicho kisicho na jina, akaingia garini, akapunga mpaka kona ya kwenda barabara kuu.

Nilipanda ngazi nikiwa na hasira na kila mtu, na nilipofika ghorofa ya tatu nilikuwa na hasira na mkono wangu mwenyewe.

Jumatatu sikwenda bandani. Jumanne pia. Baba hakuniuliza, nami sikumweleza. Nikawa natoka dukani nakuja moja kwa moja nyumbani, nakaa na simu yangu, yeye anarudi usiku na vumbi lake. Mama akaniambia twiga wamejipanga rafuni na makovu yao, na mwenye duka wa mjini amekuja akarudi bure. Nikamwambia wanaume nao wana mikono miwili. Akanitazama, akarudi jikoni.

Mwezi haujaisha, mgeni akanitumia picha. Nilikuwa mezani na baba na mama, tunakunywa chai. Nikaifungua.

Ukuta mweupe. Misumari miwili, taa ndogo juu yake, na tezo ya babu imelazwa hapo katikati inang'aa. Inang'aa vibaya. Chini alikuwa ameandika: "Nimeiweka mahali pa heshima. Naikumbuka familia yangu kila siku."

Nililitupa tusi ambalo mama hajawahi kulisikia kinywani mwangu. Aliniahidi! Nilimwambia kwa lugha anayoielewa! Nikamsukumia baba simu. "Tazama. Tazama mtu wako wa kushoto."

Baba akavaa miwani. Akaitazama ile picha, akaivuta kwa vidole viwili ikawa kubwa, akaisogeza mpaka kwenye mpini, mpaka kwenye lile shimo la kidole gumba.

"Ameupaka vanishi," akasema.

"Ndiyo."

"Mpini."

"Ndiyo, baba."

Hakuna mchongaji anayepaka mpini vanishi. Mpini unaachwa uchi unywe jasho la mkono, ndiyo ushikike. Ukiupaka unateleza, na tezo inayoteleza inakukata. Msichana yule hakujua. Kwao heshima ya kitu cha zamani ni kukipaka na kukiwekea taa. Lakini baba alijua kilichotokea pale. Alirudisha simu, akavua miwani, akaenda kusimama koridoni penye kamba za nguo. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, nilikuwa nimeyapanga mwezi mzima. Nikauona mgongo wake kupitia mlango, na maneno yakabaki na mimi, na hasira pia ikabaki.

Jumamosi akanigongea asubuhi. "Twende," akasema. Sikumuuliza wapi.

Bandani akafagia mwenyewe. Akachagua kipande cha jakaranda, cha ukubwa wa mkono, akakiweka kwenye gogo la kuchongea. Akachukua tezo yake, ile ya kazi, akaiweka kando yangu. Upande wa kushoto.

"Shika," akasema. Kisha akaongeza, "Geuza kipande."

Nikageuza, nikashika, nikashusha. Jamani, mkono ule! Nilidhani utakumbuka. Miaka yote nilijiambia uko hapo umenificha ufundi wake, ukifunguliwa utaruka. Haukuruka. Ulikuwa mjinga, ulikuwa hauna nguvu, uligonga kando, ulichana mti badala ya kuuchonga. Ulikuwa mkono wa mtoto wa miaka mitatu, umri uleule tulipoagana. Nililia kwa hasira na sikuficha. Nilimwambia baba ona, ona mlichofanya. Akasema, "Naona." Hakusema pole. Sijamsikia akisema pole mpaka leo.

Nilichonga mpaka saa nane. Nilikuwa natengeneza kijiko, kwa sababu kijiko ndicho mtoto huanza nacho. Kikatoka kibaya kuliko hata kile kiboko, bakuli lake limekaa upande, shingo nene, majeraha kila mahali. Nikakitupa chini kwenye vumbi la mbao na kuketi kwenye gogo.

Baba akainama, akakiokota. Akakipuliza. Akatazama huku na huku bandani, kisha akaenda kuketi kwenye kigoda changu, kile kifupi, magoti yakamfika kifuani. Akararua kipande cha msasa, akaanza kukisugua kijiko changu. Hakuwa anajua. Alisugua kinyume cha nyuzi za mti, kama mtu ambaye hajawahi kuifanya kazi hiyo, na ni kweli hakuwahi.

Nilimtazama muda mrefu, vumbi linamshika kwenye kope.

"Piga mpaka mikwaruzo iishe," nikamwambia.